Kwa nini bondia mmoja hupasuka nyusi kila pambano na mwenzake hutoka na uso mzima

Pambano likishaisha Lugogo, Kampala, ubishi huhamia nje: kwenye steji ya bodaboda, kwenye kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), na kesho yake kwenye kinyozi. Bondia mmoja ametoka na uso safi kama aliyekuwa kanisani. Mwenzake, ambaye pengine ndiye aliyepiga ngumi nyingi zaidi, ana nyuzi saba juu ya jicho. Basi kila mtu anatoa hukumu yake. "Yule damu yake nyepesi." "Ana ngozi ya mtoto." "Hajazoea kupigwa." Hukumu hizo zimezagaa mpaka kwenye klabu za ndondi zenyewe, na ubaya wake ni kwamba zinamfanya bondia aliyepasuka aende kutafuta dawa ya damu wakati shida yake iko kwenye mfupa na kwenye kovu.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuvimba ni pale ngumi inapovunja vijishipa vilivyo chini ya ngozi, damu na maji vikakusanyika humo ndani, lakini ngozi yenyewe haikufunguka. Kupasuka ni ngozi kufunguka. Kutokwa damu ni habari ya kiasi gani cha damu kinatoka, na kwa muda gani, baada ya ngozi kufunguka. Mtu anaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika jingine. Tarehe 1 Juni 2002 bondia wa uzito wa juu Hasim Rahman aligongana vichwa na Evander Holyfield, paji lake likavimba kama lililopachikwa embe, na pambano likasimamishwa raundi ya 8. Kilichomwondoa ulingoni ni uvimbe ule, si damu. Wapo wengine hawavimbi hata kidogo, ila ngozi yao hufunguka kama bahasha.

Makala hii inahusu hao wa bahasha.

Kisu kiko ndani

Glovu haina makali. Ni ngozi iliyoshonwa juu ya sponji nene, na ukimpiga nayo mtu pajani hutampasua hata upige siku nzima. Kinachokata usoni ni mfupa wa mwenyewe, kutoka ndani kwenda nje.

Fikiria lori lililobeba mahindi kutoka Masindi mpaka Kampala, limefunikwa turubali. Turubali lile likitoboka, hutoboka wapi? Si katikati ya gunia, ambako chini kuna kitu laini. Hutoboka pale linapopita juu ya pembe ya bodi, ambapo chuma kiko chini na kamba inalivuta kwa juu. Uso uko vivyo hivyo. Shavu lina nyama na mafuta chini yake, kwa hiyo hupokea ngumi kama gunia. Juu ya jicho, ngozi imelala moja kwa moja juu ya ukingo wa mfupa.

Weka kidole chako juu ya nyusi, bonyeza, kisha ukiteremshe polepole kuelekea kwenye kope. Kuna mahali kidole kinaanguka, kama kimefika mwisho wa meza. Huo ndio ukingo wenyewe. Kwa watu wengine ni mviringo, kama ukingo wa sufuria. Kwa wengine ni mkali na umetokeza mbele, kama ukingo wa tofali. Hapo ndipo bahati ya kwanza ya bondia inapogawanywa, na hakuna zoezi la kuibadilisha. Mwenye tofali, nyusi zake zitapasuka kwa ngumi ileile ambayo mwenye sufuria ataisahau kabla ya kengele.

Mfupa peke yake hautoshi. Ngumi inayotua bapa, sawasawa, hubana ngozi na kuiachia. Inayopasua hasa ni ile inayotua kisha ikateleza: glovu inashika ngozi, inaivuta pembeni, na mfupa chini hausogei. Ngozi inakatika katikati ya hao wawili. Ndiyo maana ndoano (ngumi ya pembeni ya mkono uliokunjwa) inayofuta nyusi, ngumi ambayo watazamaji hata hawaipigii makofi, huweza kufungua jeraha ambalo konde zito la moja kwa moja halikulifungua. Na ndiyo sababu ya Vaselini: si dawa, ni ya kuteleza, ili glovu isipate pa kushika. Inapakwa nyembamba juu ya nyusi, kwenye mifupa ya mashavu na kwenye daraja la pua. Ukipaka nene kama siagi kwenye mkate, refa ataifuta, na ikiingia machoni bondia wako ataona ukungu mpaka mwisho wa raundi.

Ngozi yenyewe nayo hutofautiana unene na mvutano kati ya mtu na mtu, na pia sehemu kwa sehemu. Ya kope haifiki milimita 1; hakuna ngozi nyembamba kuliko hiyo mwilini. Umri pia una neno lake: kadiri miaka inavyokwenda ngozi hupoteza mvutano, na mafuta yaliyokuwa chini yake kama godoro hupungua. Bondia wa miaka 36 anayeshangaa kwa nini sasa anapasuka, wakati alipokuwa na miaka 22 hakujua uzi ni nini, huenda hajapigwa vibaya zaidi. Godoro limechakaa.

Kovu: hapa ndipo penye kesi

Ukiniuliza kitu kimoja kinachomtofautisha bondia anayepasuka na asiyepasuka, sitataja mfupa. Nitataja jeraha la kwanza, na namna lilivyotunzwa.

Ngozi iliyoshonwa hairudi kuwa ilivyokuwa. Wiki 2 baada ya kupasuka, mshono ukiwa umefunga vizuri na mtu anajiona amepona, mahali pale pana karibu sehemu moja ya kumi tu ya nguvu ya awali. Baada ya wiki 6 panafika kama nusu. Kwenye mwezi wa 3 panakaribia asilimia 80, na hapo ndipo panapoishia. Asilimia 20 iliyobaki haitarudi maisha yote.

Nguvu ni nusu ya hadithi tu. Ngozi nzima huteleza juu ya mfupa. Ishike nyusi yako uone inavyosogea huku na huku. Kovu mara nyingi hushikana na kilicho chini yake. Ngumi inapokuja, ngozi ya pembeni inasogea na kovu linabaki palepale, na mpasuko unaanza ukingoni, pale kovu linapokutana na ngozi nzima. Fundi wa tyubu anaijua habari hii: kiraka kizuri hakivuji katikati, huachia pembeni, kwa sababu mpira unavutika na kiraka hakivutiki.

Sasa angalia mzunguko wake. Kijana anapasuka. Anashonwa. Wiki 3 baadaye kuna pambano, na ada ni ndogo lakini kodi ya nyumba haingoji, kwa hiyo anarudi. Anapasuka palepale, safari hii pana zaidi, na kovu jipya linakuwa nene kuliko la kwanza. Akifikisha mapambano kumi tayari ana jina la mtu wa damu nyepesi, na wapinzani wote wanajua pa kulenga.

Tyson Fury, bondia wa uzito wa juu kutoka Uingereza, ana mfano ulio wazi. Septemba 2019, Las Vegas, alipigana na Otto Wallin wa Sweden, akapasuka juu ya jicho la kulia raundi ya 3, na baada ya kushinda kwa pointi akashonwa nyuzi 47. Februari 2024, akijiandaa kupambana na Oleksandr Usyk, aliguswa na kiwiko mazoezini akiwa amevaa kofia ya kinga. Ilikuwa nyusi ya jicho lilelile la kulia, na pambano lililokuwa lifanyike tarehe 17 Februari likasogezwa mpaka tarehe 18 Mei. Kiwiko kimoja kwenye nyusi kiliwafungisha virago maelfu ya watu waliokwisha kata tiketi.

Wapo madaktari wa upasuaji wanaoondoa kovu bovu, wakashona upya kwa tabaka, na wengine hupunguza kidogo ukali wa mfupa chini yake. Husaidia, lakini humweka bondia nje miezi mingi, na kwa wengi wetu gharama yake ni ndoto.

Kichwa kinapofika kabla ya ngumi

Staili ya kupigana ina sehemu yake kubwa. Bondia anayeingia kwa kuinamisha kichwa, akitafuta mbavu za mwenzake, huwa amekifikisha kichwa kabla ya mkono. Mfupa ukigonga mfupa, ngozi mbili zimo katikati na hakuna sponji. Hakuna ngumi inayopasua kama paji la uso la mtu mwingine.

Hatari hii huongezeka pale anayepigana kwa mkono wa kawaida anapokutana na mashoto. Mmoja ametanguliza mguu wa kushoto, mwingine wa kulia. Miguu ya mbele iko uso kwa uso, inakanyagana, mabega ya mbele yako kwenye mstari mmoja, na kila mmoja anataka kutupa mkono wake wa nyuma, kwa hiyo wote wawili wanaegemea ndani kwa pamoja. Kwa Uganda hili si jambo la mbali: mabingwa wa dunia Ayub Kalule aliyechukua ukanda wa shirika la WBA 1979, Cornelius Boza-Edwards wa WBC 1981, na Kassim Ouma wa IBF 2004, wote watatu mashoto. Dawa yake inajulikana, ingawa vijana huichoka: mguu wa mbele ukae nje ya mguu wa mwenzako, na ukimaliza kupiga kichwa kiondoke kwenye mstari, kisibaki pale kikisubiri kuona matunda ya kazi.

Glovu nayo ina lake. Kwa wa kulipwa, kwa kawaida ni aunsi 8 mpaka uzito wa welta (kilo 67 hivi) na aunsi 10 juu ya hapo. Mazoezini watu wavae 14 au 16. Lakini aunsi 16 zilizotumika miaka minne na vijana ishirini si aunsi 16 tena. Sponji imehamia kwenye kifundo cha mkono, mbele pamebaki ngozi na mifupa ya vidole, na ngozi yenyewe imekauka ikapasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Glovu ya namna hiyo ni msasa. Kabla ya kuivaa, bonyeza mbele kwa kidole gumba: ukiusikia mkono uliomo ndani, hiyo ibaki ya kupigia gunia.

Kisha kuna kupunguza uzito. Kijana anakimbia na nailoni mwilini, anatema mate kwenye chupa, hanywi maji siku nzima. Mzani unakubali. Lakini ngozi iliyokaushwa haivutiki vizuri, na saa chache za kunywa maji baada ya kupimwa hazirudishi kila kitu.

Yasemwayo

Damu nyepesi. Damu haipasui ngozi. Ubora wa damu unahusu inachukua muda gani kuganda, yaani kile tulichokiita kutokwa damu. Hapo kweli kuna tofauti: aliyemeza aspirini au ibuprofeni kwa maumivu ya bega wiki ya pambano atatoka damu kwa muda mrefu zaidi, na aliyekunywa pombe vilevile. Lakini hata mwenye damu bora kabisa atamwagika, kwa sababu uso umejaa mishipa na moyo wa bondia katikati ya raundi unapiga mara 160 mpaka 180 kwa dakika. Jeraha la sentimita 2 linaweza kulowesha fulana ya refa, na halijamtishia mtu uhai.

Ngozi nyeusi haipasuki. Hupasuka. Tofauti ni kwamba wekundu na michubuko huonekana upesi kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo mtazamaji huhesabu majeraha ambayo kwetu hayaonekani. Upande mwingine wa shilingi ni kwamba sisi huota zaidi keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mpaka wa jeraha. Ukijua una tabia hiyo, mwambie daktari kabla hajaanza kushona.

Maji ya chumvi hukaza ngozi. Hii ni ya zamani; Jack Dempsey, bingwa wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, alijulikana kwa kuulowesha uso wake katika maji ya chumvi. Chumvi hunyonya maji kwenye ngozi. Ngozi kavu umeshasoma habari zake.

Kofia ya kinga huzuia kila kitu. Inazuia mipasuko, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Haizuii ubongo kutikisika. Ndondi za ridhaa za wanaume watu wazima ziliiondoa 2013, na Rio 2016 ikawa Olimpiki ya kwanza tangu Moscow 1980 wanaume kupigana vichwa wazi. Mipasuko iliongezeka, kama ilivyotarajiwa.

Dakika moja kwenye kona

Mapumziko ni sekunde 60 kwenye karatasi. Ondoa za bondia kutembea na kukaa, ondoa 10 za mwisho ambazo watu wa kona wanatakiwa watoke. Umebaki na 40 hivi za kazi. Mtu wa majeraha anayejua kazi yake huanza kutazama kabla ya kengele, kuona damu inatokea wapi hasa, maana jeraha halisi mara nyingi liko juu kuliko pale damu inapoonekana.

Kwanza, taulo safi na kavu, futa mara moja. Kisha kijiti cha pamba kilichokwisha loweshwa adrenalini, nguvu ya 1 kwa 1,000, kiingie ndani ya jeraha lenyewe, si juu yake, na kibanwe dhidi ya mfupa kwa nguvu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabana sekunde tano, wanainua kuangalia, wanabana tena. Kila ukiinua unaanza upya. Bana, hesabu mpaka 30, usichungulie. Adrenalini inaifinya mishipa, kidole kinaifunga. Mwishowe Vaselini inajazwa juu ya jeraha kama lipu. Kama kuna uvimbe pembeni, chuma baridi kilichotoka kwenye barafu kinagandamizwa palepale. Hakisuguliwi, kwa sababu kusugua hupasua vijishipa vilivyosalia.

Unga wa kahawa, majivu, tumbaku, chumvi: vyote hivi vimewahi kuingizwa kwenye nyusi za watu. Baadhi husimamisha damu kwa dakika mbili, kisha daktari anatumia nusu saa kuchokoa uchafu, na kilichobaki ndani kinakuwa usaha au kovu jeusi. Na taulo lililofuta damu ya mmoja lisiguse uso wa mwingine. Homa ya ini aina ya B ipo Uganda, kaskazini zaidi, na hupita kwa damu. Chanjo yake ni dozi 3, na kila kijana anayeingia ulingoni anapaswa awe amezimaliza.

Si kila jeraha linalotisha ni baya. La katikati ya paji hutoa damu nyingi na hushoneka kirahisi. Yanayomfanya daktari asimamishe pambano ni madogo zaidi: lililokata kope wima, lililo kwenye kona ya jicho upande wa pua ambako mfereji wa machozi unapita, la ndani sana juu ya jicho ambako mshipa wa fahamu wa paji unatokea, na la mdomo lililovuka mpaka wa rangi ya mdomo na ngozi. Juni 2003, Los Angeles, Vitali Klitschko alikuwa anaongoza kwa pointi 58 kwa 56 kwa majaji wote watatu dhidi ya Lennox Lewis. Daktari aliposema basi baada ya raundi ya 6, Klitschko alipiga kelele na ukumbi ukazomea, lakini kope lilikuwa limefunguka na lingeendelea kufunguka. Kwa kuwa jeraha lilitokana na ngumi, aliyekuwa anaongoza akaandikiwa kushindwa.

Hilo la mwisho huwachanganya watu sana. Kwa kanuni zinazotumika katika mapambano mengi ya kulipwa, jeraha la ngumi likisimamisha pambano, aliyejeruhiwa ameshindwa. Likiwa la kugongana vichwa kwa bahati mbaya, kabla ya raundi 4 kukamilika hakuna mshindi. Baada ya hapo wanahesabu pointi. Kwa hiyo refa anapoashiria "kichwa" au "ngumi" wakati damu inaanza tu kutoka, huenda anaamua pambano raundi nane kabla halijaisha. Kona yenye akili humtazama refa wakati huo, si jeraha.

Baada ya kushonwa

Uso ushonwe siku ileile, kwa tabaka: uzi unaoyeyuka ndani, kisha mwembamba juu. Nyusi zisinyolewe, maana ndizo zinazomwonyesha mshonaji wapi pakutane na wapi, na huweza zisiote sawa tena. Ulizia sindano ya pepopunda. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi. Zikikaa siku kumi huacha alama za ngazi pembeni.

Kisha subira. Kukimbia na kuruka kamba baada ya wiki 1, gunia baada ya 2, kwa sharti jasho lisafishwe. Sparingi, yaani kupigana mazoezini na mwenzako, hapana kabla ya wiki 6, na kama jeraha lilikuwa la ndani au ni la pili mahali palepale, hesabu 10 mpaka 12. Kuanzia wiki ya 3, jeraha likiwa limefunga kabisa, sugua kovu kwa mafuta kidogo, dakika 5 asubuhi na 5 jioni, ukilisogeza juu ya mfupa kila upande ili lisishikane nao. Siku ya kurudi iwe na kofia ya kinga, glovu za aunsi 16, raundi 2 za jabu (ngumi nyoofu ya mkono wa mbele) tu, na mwenzako awe mtu asiyeingia na kichwa. Kabla ya hapo weka kidole juu ya kovu na ulisukume: kama bado limeganda juu ya mfupa na ngozi ya pembeni ndiyo inayosogea, vua glovu, rudi kwenye gunia.